Ndege Kumi na Mbili za Kanali Népomuscène

Siku Talal alipoitwa Kiriri, mtaa wa wakubwa juu mlimani, Kanali Népomuscène alikuwa amekwisha kupoteza ndege thelathini na sita baharini, na nchi yenyewe haina bahari.

Talal hakulijua hilo bado. Alichojua ni kwamba gari la jeshi lilisimama mbele ya kibanda chake cha kutengeneza redio na kompyuta, Buyenzi, avenue ya kumi na tatu, na dereva akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mwarabu wa ordinateur ni nani?" Majirani walimnyooshea kidole kabla hajajibu mwenyewe. Gari la jeshi likiuliza kitu, siku zile, watu walikuwa wepesi sana wa kusaidia.

Ulikuwa mwaka elfu mbili na moja, wiki chache baada ya mapigano ya jeshi na waasi mtaani Kinama. Shemeji yake Azhar, mdogo wa mkewe Radhia, alikuwa ametimiza siku ishirini na tatu kizuizini. Alikamatwa kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, akitoka Kinama na katoni mbili za betri za redio. Askari aliuliza betri ni za nani. Azhar akasema ni za wateja. Askari akasema wateja hao anawajua, wako porini. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza swali jingine. Faili, waliambiwa, liko kwa wakubwa. Kwa hiyo Talal alipanda lile gari kwa hofu, lakini kuna upande wa moyo wake uliokuwa ukishukuru. Siku zote hizo alikuwa anatafuta mlango wa mkubwa, na leo mkubwa ndiye aliyemtuma mtu.

Langoni walimpekua, wakamvua viatu, wakamwingiza kwa mlango wa jikoni. Mpishi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Spès, alimtazama miguu, akamsukumia kandambili za mtunza bustani. Zilikuwa mbili za kushoto.

Kanali alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta aliyoachiwa na mzungu mmoja wa ubalozi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu, na ingawa ilikuwa Jumamosi alikuwa amevaa magwanda kamili, nyota begani. Kwenye kioo palikuwa na bahari, maji matupu mpaka mwisho.

"Unaona?" alisema. "Porte-avions yangu, meli ya kubeba ndege, iko hapa. Ndege kumi na mbili. Zinaenda, zinapiga adui vizuri sana. Kurudi, hakuna hata moja. Zinaisha mafuta, zinaanguka mu maji. Ordinateur imeharibika. Tengeneza."

Talal alipiga magoti, akafungua mashine, akapuliza vumbi, akaifunga. Mashine ilikuwa nzima kuliko zote zilizokuwa kibandani kwake. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ilibidi mtu amwambie Kanali. Kando ya kioo palikuwa na kitabu kinene cha ule mchezo wa vita uliokuwa kwenye kioo, kwa Kiingereza, hakijafunguliwa hata ukurasa. Kanali alisoma Kifaransa tu. Talal alikuwa amefanya kazi miaka miwili Muscat kwenye duka la vyombo vya umeme, na Kiingereza cha vitabu vya namna ile alikijua.

"Mashine ni nzima, mon colonel," alisema. "Shida ni mipango."

Huko mlangoni Spès akaacha kufagia.

"Mipango ya nani?" Kanali aliuliza.

"Ya mashine," Talal akasema upesi. "Mashine inapanga vibaya. Inafaa mutu apange kwa mukono, kwa karatasi, mbele ya ndege kuruka."

Kanali alifikiri, akaridhika. "Basi utapanga we. Kila samedi kama leo, saa nane."

Talal akaona ndiyo nafasi. "Mon colonel, samahani. Niko na shemeji yangu, anaitwa Azhar…"

"Najua. Watu wote wako na shemeji." Kanali aligeukia bahari yake. "Ndege zirudi kwanza."

*

"Amesema nini?" Radhia alimdaka mlangoni.

"Amesema ndege zirudi kwanza."

"Ndege gani?"

Ilimchukua Talal muda kueleza, na kila alivyoeleza aliona aibu zaidi. Mama mkwe wake, Bi Nura, aliyekuwa amehamia kwao tangu Azhar akamatwe, aliweka chini bakuli la chakula alilotoka nalo gerezani.

"Mutoto yangu analala juu ya simenti," alisema, "we unaenda kucheza?"

"Siyo kucheza, mama. Ni kazi."

"Nani anakulipa?"

Talal hakungoja usiku. Alasiri ileile alipasua boksi la sabuni, akalilaza juu ya meza upande mweupe, akafungua kitabu alichoazimwa na Kanali, akaanza. Kulikuwa na mambo ambayo hakuyatarajia. Meli lazima igeuke ielekee upepo unakotoka, ndipo ndege zipate nguvu ya kuruka. Ndege hazitoki pamoja. Zinatoka moja moja, na ya kwanza inazunguka juu ikiwangoja wenzake huku inachoma mafuta. Mbili zinakwenda mbele kupofusha rada za adui, mbili zinalinda, sita zinabeba mabomu ya kupiga matangi ya mafuta kisiwani, maili mia mbili kutoka melini. Mbili zilizobaki zinabeba mafuta ya kuwanywesha wenzao hewani wakirudi. Aliweka punje za maharage mahali pa ndege, akazisogeza kwa ncha ya kalamu.

Radhia alikuja kuchukua maharage yake, akakaa. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia wapishi kwenye harusi za Buyenzi, watu mia nne kwa masufuria matatu, na hakuna aliyewahi kuondoka na njaa.

"Hii punje kubwa ni nani?"

"Kanali. Anataka kuruka wa kwanza. Na anataka mabomu mengi kuliko wote."

"Halafu anawangoja wengine kumi na moja hewani, na muzigo wote ule?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo ile anaanguka," alisema Radhia, akarudi jikoni.

*

Jumamosi ya pili Talal alisema hivyohivyo, kwa maneno ya adabu. Kanali alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza utabiri wa mvua.

"Mi ni commandant. Commandant anatangulia."

Akatangulia. Alizunguka juu ya meli yake dakika ishirini, akafika kisiwani, akapiga, na badala ya kurudi akazunguka tena mara mbili ili auone moto. Wakati huo kutoka milima ya juu ya Gihosha ilisikika mizinga, ya kweli, na vioo vya dirisha vikatikisika. Simu ya mezani ililia. Kanali alishika mkono wa simu kwa bega, macho kwenye kioo.

"Apana, siwezi," alisema. "Niko mu réunion, mukutano mukubwa. Piga saa kumi."

Akakata. Ndege yake ilizama maili arobaini kabla ya kufika melini, na za wenzake tisa zikaifuata. Kanali alivua kofia, akamtazama Talal kwa huzuni.

"Mipango yako ni mibaya kuliko ya mashine."

Siku hiyo hakupewa hata chai. Alishuka kwa miguu mpaka Buyenzi, akapishana na malori ya askari yakipanda kwenda kule mizinga ilikokuwa ikilia. Nyumbani Radhia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usimuambie asitangulie," alisema. "Mutu mukubwa ukimuambia asitangulie unamutukana. Muambie wadogo ndiyo wanatangulia kumungojea. Bibi harusi anaingia lini? Wa mwisho. Watu wote wamekaa, wanageuza shingo."

Talal alimtazama mkewe, kisha akachukua kifutio, akafuta jina la Kanali mwanzoni mwa orodha ya kuruka, akaliandika mwishoni.

Jumamosi ya tatu Kanali alisikia habari kwamba wote kumi na moja watatoka mapema, wapange mistari angani, wamngoje yeye. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo inafaa iwe vile." Akaruka wa mwisho, mafuta yakiwa bado tele. Talal alikuwa amemwandikia kwenye karatasi, dakika kwa dakika, na kwenye dakika ya kupiga aliandika kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa, kwamba picha ya moto itachukuliwa na wengine. Ndege zikarudi. Zilishuka sitahani moja baada ya nyingine, ndoano zao zikinasa kamba za chuma, na Kanali akizihesabu kwa sauti. Ya kumi na mbili ilipogusa, alisimama, akapiga makofi, akamwita Spès aje aone. Spès alikuja na mikono yenye unga, akaona bahari, akasema, "Ni vizuri, patron."

Kanali alimkumbatia Talal. Alikuwa na machozi.

"Mon colonel," Talal alisema, uso bado umebanwa kwenye vifungo vya gwanda, "na karatasi ya kumutoa shemeji?"

Kanali alimwachia. "Iko. Hiyo ni kitu kidogo." Akaketi, akafunua ukurasa mwingine kwenye kioo. "Lakini angalia. Kumbe kuna mission zingine kumi na moja. Nikikupa karatasi leo, samedi ijayo utakuja?"

"Nitakuja, mon colonel. Wallahi."

"Watu wote wanasema hivyo," Kanali alisema, bila ubaya wowote.

*

Jumamosi ya nne walishinda tena, na wakati wa kutoka Spès alimzuia jikoni, akammiminia chai kwenye kikombe kisicho na mkono.

"Kaa, Mwarabu. Unywe." Alingoja mpaka akanywa. "Mi nilikuja hapa kupika wiki mbili. Mutoto yangu Mawazo walimukamata mwaka wa tisini na saba. Patron akasema, pika, karatasi itakuja. Ni miaka mine sasa."

"Alisema kwa nini haiji?"

"Hasemi kitu. Ni mutu muzuri, hapigi mutu, haibi. Kosa ni langu." Spès alitazama sufuria zake. "Nilipika vizuri."

Talal alirudi nyumbani akamkuta Bi Nura ameketi sakafuni, shela imemdondoka mabegani. Bakuli la chakula lilikuwa mbele yake, limejaa. Azhar hakuweza kula. Mke wa mfungwa mwingine alisema anahara damu siku ya tatu, na kwamba anawalilia askari wamwitie mama yake ilhali mama yake alikuwa amesimama nje ya ukuta uleule.

"Uliza huyo rafiki yako," Bi Nura alimwambia mkwewe, "ndege yake moja inakufa kwa siku ngapi."

Radhia alimvuta mumewe chumbani, akafunga mlango.

"Ukimushindisha, anakuweka mpaka uzee," alisema. "Ukimuangusha, anakasirika na Azhar anaoza. Sasa niambie. Huyu mutu akiacha zile ndege mu maji, anajisikia namna gani?"

"Hajisikii kitu. Hazina watu. Ni mashine."

"Na ukikuwa we ndani?"

Talal alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kitabu kilisema kompyuta mbili zinaweza kuunganishwa kwa waya, watu wawili waruke pamoja, na kibandani kwake kulikuwa na kompyuta ya mteja aliyekimbilia Uvira.

Wiki ile alipanga kuliko alivyowahi kupanga. Kumbe kupanga kushindwa kuna kazi zaidi, kwa sababu lazima kila kitu kiende sawa mpaka mahali pamoja tu. Alipunguza mafuta ya ndege ya kunywesha, kidogo kidogo, akipima na kurudia kupima, mpaka yakabaki ya kuirudisha ndege moja. Radhia alimshikia taa ya mafuta umeme ulipokatika, na alipomaliza akamuuliza kama ana hakika.

"Ya mafuta nina hakika," Talal alisema. "Ya Kanali, Mungu anajua."

*

Jumamosi ya tano Kanali alifurahi sana kumwona na mashine ya pili. Kwa mara ya kwanza alimpa kiti chenye mto. Waliketi meza moja, vioo vimegeuziana mgongo, na ingawa wangeweza kupitishiana chumvi, Kanali alisisitiza wasemezane kama kwenye redio.

Waliruka, wakapiga, wakageuka. Juu ya maji matupu waliikuta ile ndege ya mafuta.

"Mon colonel," alisema Talal, "mafuta ni ya mutu moja."

Kanali alikunja uso. "Namna gani ya mutu moja?"

"Adui alitoboa tangi." Huo ulikuwa uongo, lakini vitani watu hawakagui.

"Mi ni commandant," Kanali alisema.

"Ndiyo, mon colonel."

Akanywa mafuta yote, akaenda, akatua melini vizuri kabisa. Ndege ya Talal ilikohoa, ikainama, ikaingia baharini. Kwenye kioo chake kukabaki maji ya kijivu, mtu mdogo mwenye jaketi la rangi ya machungwa, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwenye kioo cha Kanali lilitokea swali: je, meli irudi nyuma, helikopta itumwe? Ndiyo, au hapana. Chini yake iliandikwa kwamba meli ikirudi, medali haipo.

"Mon colonel, niko mu maji."

"Naona."

"Dakika ishirini na saba."

"Ni mchezo, Talal."

"Ndiyo, mon colonel. Ishirini na sita."

Kanali alicheka kidogo, akatazama medali, akatazama pembeni. Simu ililia, hakuishika. Spès aliingia na sinia la chai, akasimama palepale. Talal alikuwa amekusudia kusema maneno ya kumsihi, ameyaandaa tangu Jumanne, lakini alipojaribu, kilichotoka ni hesabu tu. Ishirini na nne. Ishirini na mbili. Alikuwa anamfikiria Azhar kwenye simenti, na sauti yake ikawa sauti ya mtu aliye majini kweli.

Ilipofika ishirini, Kanali aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amekuambia?"

Talal hakuelewa.

"Nani amekuambia habari ya wale niliowaacha kilimani? Nilikuwa luteni. Gari ilikuwa moja, haiwezi kubeba watu wote. Niliwaambia nitarudi. Nani amekuambia?"

Talal hakuwa ameambiwa lolote na mtu yeyote. Alifungua mdomo kusema hivyo. Kisha akaona Kanali amevua kofia na kuishika kifuani, akaufunga mdomo.

"Dakika kumi na nane, mon colonel," alisema.

Kanali alivuta droo ya chini, upande wa kushoto. Ndani kulikuwa na rundo la karatasi za kufungulia wafungwa, nene kama daftari la shule, zote zimepigwa chapa, zina muhuri, zina sahihi. Palipokuwa wazi ni mstari mmoja tu, wa jina. Alitoa ya juu.

"Jina?"

"Azhar Sultani."

Aliandika *Asar Sultan*, akaisukuma mezani. Kazi yote haikufikia muda wa kurusha ndege moja. Talal aliitazama ile karatasi, akalitazama rundo, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi ashike ukingo wa meza.

"Toka," Kanali alisema kwa sauti yake ya taratibu. "Usirudi hapa."

Talal alitoka na kandambili za mtunza bustani. Alipogeuka mlangoni, Kanali alikuwa bado analitazama lile swali, hajabonyeza ndiyo wala hapana.

*

Azhar alitoka siku ileile saa kumi na moja. Mlinzi aliisoma karatasi kwa kuishika juu chini, akaita jina, na kijana wakamleta kwa kumshika makwapa. Alikaa wiki mbili kitandani. Alipoanza kuomba chai yenye sukari nyingi, Bi Nura alitoka nyumba kwa nyumba, avenue kwa avenue, kueleza habari za Kanali wa Kiriri, mtu wa kazi nyingi sana, ambaye hata hivyo aliona machozi ya mama Mwislamu akamrudishia mtoto wake kwa kalamu moja tu.

"Na mukweo alisaidia?" waliuliza.

"Talal?" Bi Nura alisema. "Ule alikuwa anacheza. Samedi tano nzima. Muulize mwenyewe."

Radhia aliposikia alitaka kusema, Talal akamkanyaga mguu. Kilichomshinda ni pilau. Bi Nura aliipika Ijumaa, nyama ya mbuzi, sufuria la mikono miwili, akalifunga kwa kitambaa cheupe na kumkabidhi mkwewe.

"Upeleke Kiriri. Kwa mukono wako. Mutu asiyeshukuru si mutu."

Talal alisema amekatazwa kurudi. Bi Nura akasema hakuna mtu aliyewahi kukatazwa kuleta pilau. Mama mkwe ni mama mkwe. Akapanda mlima na sufuria kichwani, akagonga lango dogo la jikoni kwa ukucha, akitumaini hakuna atakayesikia.

Spès ndiye aliyefungua.

"Mama Spès, chukua. Ni ya kumushukuru patron. Mi sikutaka kuja."

Spès alifunua kitambaa, akanusa, akaonja kwa kidole. "Nani amepika?"

"Mama mukwe."

"Basi hawezi kula hii," Spès alisema. "Akionja, kesho gari itakuja kumuchukua mama mukwe." Akalishusha sufuria upande wake wa lango, nyuma ya ukuta, pasipoonekana.

Talal alipaswa kuondoka. Alitazama barabarani, akarudi karibu.

"Mama Spès. Meza ya ordinateur, tiroir ya chini, ya kushoto. Karatasi ziko mule, nyingi. Muhuri iko, sahihi iko. Inakosa jina tu."

Spès alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Unajua kuandika?" Talal aliuliza.

"Mawazo," alisema Spès. "Hiyo najua."

Kutoka ndani ya nyumba kukasikika kiti kikivutwa, kisha sauti ya Kanali, si ya hasira, ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja.

"Spès! Ni nani? Ni Talal?"

Spès alimtazama Talal, akamsukuma bega kwa mkono wake wenye mafuta ya pilau, mpaka akawa nje ya kizingiti.

"Apana mutu, patron," alijibu, akafunga lango.